Kaskazi Uani Kwetu

Kaskazi ikianza kuvuma, Desemba hivi, salamu za Tanga mjini hubadilika. Unamwamkia mtu, na kabla hajakueleza habari za nyumbani atakuambia joto limezidi. Na ni kweli. Januari na Februari mchana hufika nyuzi 32 au 33, usiku nao haupoi sana, hata shuka moja huwa mzigo. Mimi nimezaliwa Lushoto, ambako Julai watoto huenda shule wamevaa sweta, nikaja Tanga kwa kuolewa. Ndugu zangu wakinipigia simu Januari huniuliza kwa sauti ya pole, "Unavumilia?" Nawajibu kuwa sivumilii, nafurahi. Katika majira yote ya mwaka hakuna ninayoyapenda kama kaskazi, na mapenzi hayo niliyapata uani kwa mama mkwe wangu, katikati ya matuta ya mboga na jiko la nje.

Mama mkwe ni Mbondei wa Muheza. Nilipofika kwake nikiwa bibi harusi, nilikuta nyumba ambayo mchana haina mtu ndani. Milango wazi, madirisha wazi, vitanda vimetandikwa, na watu wote wako nje: mmoja anapepeta mchele, mwingine anachambua mboga, mtoto amelala kwenye mkeka chini ya mti wa mkungu. Siku moja nilitaka kufagia vyumba saa saba mchana, akanizuia. "Mwanangu, siku za kaskazi nyumba ni ua. Chumba ni cha kulalia tu."

Wengi hupambana na joto wakiwa ndani. Feni inazunguka, bati linawachoma kutoka juu, jiko linawachoma kutoka pembeni, halafu wanasema Tanga haikaliki. Inakalika sana. Ila kukaa nayo kunaanzia kwenye saa unayoamka, kwenye mti ulio uani, kwenye mboga ulizopanda na kwenye chungu unachokiinjika.

Siku yetu huanza baada ya sala ya alfajiri. Saa hiyo majani yote yamesimama, udongo una ubaridi wa usiku, na mikono inafanya kazi bila kulalamika. Kumwagilia, kupalilia, kuchuma mboga ya siku, kukagua wadudu chini ya majani, yote hayo huisha kabla ya saa mbili na nusu. Halafu jiko. Chungu cha mchana huinjikwa mapema, kiasi kwamba saa nne moto umeshazimwa. Tunapikia kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba, na hilo peke yake linatosha kubadilisha nyumba nzima, maana moto unaowashwa chini ya bati saa tano mchana hubaki humo ndani mpaka watu wakilala. Makuti hayahifadhi joto namna hiyo, na banda halina kuta za kulizuia lisitoke.

Mchana ni wa mkeka. Kuanzia saa sita hadi saa tisa hatugusi jembe wala sufuria. Mkungu una majani mapana na matawi yaliyojipanga ngazi kwa ngazi, kivuli chake ni kizito kuliko cha mwembe mchanga, ndiyo maana watu wa Pwani waliupanda kwenye viwanja na mbele ya nyumba zao. Saa kumi upepo wa bahari unaposhika, tunainuka tena kumwagilia mara ya pili, kukuna nazi na kuandaa chakula cha usiku. Nikiwa mgeni nilidhani mapumziko yale ni uvivu wa watu wa mjini, kwa jinsi kwetu milimani tulivyozoea kushinda shambani. Sivyo. Ukihesabu kazi inayofanyika alfajiri na jioni, utaona haikupungua kitu, ila haikufanywa saa ambayo mwili unapoteza jasho bure.

Kuna jambo alilonionyesha mama mkwe ambalo mpaka leo linanifurahisha nikilifikiria. Matuta ya mboga laini, yaani mnavu, matembele na vitalu vya miche, ameyaweka upande wa kibla wa nyumba. Nilimuuliza kwa nini huko. Akasema, "Kaskazi jua linatoka mgongoni kwa nyumba. Huku mboga zinapata kivuli." Nikaanza kuangalia mwenyewe, na ndivyo ilivyo. Miezi ya Desemba na Januari jua huwa limeelekea kusini, kwa hiyo mchana halikai utosini, bali huegemea upande huo, na ukuta pamoja na upenu huangusha kivuli cha hatua moja hivi upande wa kaskazini. Kwetu Tanga huo ndio upande wa kibla, kwa kuwa Makka iko takriban kaskazini kabisa kutoka hapa. Kivuli hicho hufupika kadiri siku zinavyosogea, na wiki ya kwanza ya Machi jua hupita utosini hasa: simama nje saa sita na nusu, kivuli chako chote kiko miguuni. Baada ya hapo jua linahamia kaskazini na tuta la kibla linapoteza kinga yake, lakini wakati huo mawingu ya masika yako njiani. Mama mkwe hakusomea jiografia. Alitazama ukuta wa nyumba yake miaka na miaka.

Upande wa pili, kwenye jua kali, ndiko kuna bamia, mchicha, kunde, pilipili mbuzi na bilinganya.

Jirani mmoja aliyehamia kutoka bara aliwahi kunijia na pakiti za mbegu za kabichi na karoti, akaniomba nimsaidie kuzipanda Januari, kwa kuwa alisikia mimi ni mtu wa Lushoto na mboga hizo ni zetu. Ni zetu kweli, na ninazijua. Ndiyo sababu nilimshauri asizipande. Kabichi inataka usiku wa baridi ili ifunge. Karoti ya joto kali huwa nyembamba na ngumu. Nyanya nayo hutoa maua mengi hapa Pwani wakati wa kaskazi, lakini usiku ukiwa wa joto maua hupukutika kabla hayajashika tunda. Kwa nini uteseke nayo, wakati matenga ya nyanya na karoti yanateremka kutoka milimani kupitia Mombo na kufika soko la Mgandini? Acha Lushoto ilime kilicho cha Lushoto. Ua wa Tanga ulime kinachopenda jua la Tanga. Tulikaa naye barazani, nikampa mbegu za bamia na mchicha na vipande vya matembele, na sasa ananiletea mimi bamia.

Mchicha ni wa kuanza nao, kwa sababu haukuchoshi kusubiri. Mbegu zake ni ndogo mno, nyeusi, zinang'aa, na ukizimwaga kwa mkono mtupu zote zitaangukia mahali pamoja. Mimi huchukua kiganja cha mchanga mkavu, nachanganya na mbegu za kuokota kwa vidole vitatu, kisha nanyunyiza kwenye mistari iliyochorwa kwa ncha ya kijiti. Udongo wa kufunikia uwe kidogo sana, halafu juu yake nyasi kavu. Siku ya nne au ya tano utaona vidoti vyekundu na vya kijani chini ya nyasi; hapo ziondoe nyasi, na uziondoe jioni, siyo asubuhi, ili miche ipate usiku mzima wa kuzoea kabla ya kukutana na jua. Wiki ya tatu mpaka ya nne unang'oa iliyosongamana na kuila. Ile inayobaki usiing'oe. Ikate juu, uache vifundo viwili vitatu, nayo itatoa matawi mapya utakayochuma tena na tena mpaka itoe maua.

Bamia inataka uvumilivu kidogo zaidi, ila ikishaanza haiachi. Loweka mbegu usiku mmoja, panda asubuhi, na kabla ya miezi miwili kutimia unachuma. Ni mboga inayodai kutazamwa karibu kila siku, kwa sababu joto huikuza haraka: bamia uliyoiacha Jumatatu kwa kuwa ni fupi, Jumatano ni ukuni. Kuijua ni kwa ncha. Ishike ncha kwa vidole viwili uibonyeze. Ikikatika mara moja, ni laini, chuma. Ikipinda bila kukatika, imeshakomaa, iache iwe ya mbegu. Na vaa mikono mirefu, maana vinyweleo vya majani yake huwasha.

Kunde naipenda kwa sababu hainipi kitu kimoja. Majani yake machanga ni mboga, maganda mabichi ni mboga, na zikikauka ni kunde za nazi. Zaidi ya hayo, inaulisha udongo. Ng'oa mche mmoja uliochoka, utingishe mchanga kwenye mizizi, utaona vinundu vidogo vidogo vimejishika. Kipasue kimoja kwa ukucha, ndani kina rangi ya waridi. Humo wamo bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kwa hiyo tuta lililotoka kunde ndilo nalipanda mchicha unaofuata, na mchicha wake huwa na kijani cha kukolea. Adui wa kunde ni vidukari, wale weusi wanaojazana kwenye ncha changa. Tunatwanga majani ya mwarobaini, tunayaloweka usiku kucha, tunachuja na kutia sabuni kidogo ili dawa ishike majani, kisha tunanyunyiza jioni. Jioni, kwa sababu nguvu ya mwarobaini huharibiwa na jua.

Udongo wetu ni wa kichanga. Maji unayomwaga hupita kama yamepitishwa kwenye chujio la tui. Kwa hiyo kazi kubwa ya bustani ya kaskazi siyo kumwagilia, ni kuzuia maji yasikimbie. Tunachimba mtaro wa kina cha mkono ndani ya tuta, tunajaza maganda ya ndizi na ya muhogo, majani makavu ya mkungu na samadi ya mbuzi iliyokaa, kisha tunarudisha udongo juu. Kinyesi cha kuku ni kikali, kikiwa kibichi huunguza mizizi, lazima kikae wiki kadhaa kwanza. Juu ya tuta tunatandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na majani makavu. Ukitia kidole chini ya matandazo hayo saa nane mchana utakuta unyevu, na hatua moja pembeni, penye udongo mtupu, vumbi. Maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi ovyo, yanakwenda kwenye matuta. Maji ya sabuni hatuyapeleki kwenye mboga za majani. Hayo ni ya mgomba ulio pembeni.

Na pipa la maji lifunikwe. Nasisitiza hili kwa sababu ua wenye bustani una ndoo, makopo na vifuu vya nazi kila kona, na mbu anahitaji wiki moja tu hivi kutoka yai mpaka kuruka. Kila Ijumaa kabla watu hawajaenda msikitini, watoto wetu huzunguka ua kugeuza kila kinachoshika maji.

Sasa nizungumzie mti ambao nisingeujua kama nisingeolewa na watu wa Muheza. Pembeni ya ukuta wetu kuna mti mrefu kupita bati, majani yake ni kama ya muhogo, wenyewe wanauita mpira, na mboga yake ni kisamvu cha mpira. Ni ndugu wa muhogo, asili yake Brazili. Wajerumani waliupanda kwa wingi maeneo haya kwa ajili ya utomvu wa kutengenezea mpira, hadi bei ya mpira duniani ilipoanguka mwaka 1913 na mashamba hayo yakapoteza maana. Wenye mashamba waliondoka, mti ukabaki, na akina bibi wakaugeuza mboga.

Hadithi yake haikuishia hapo. Juu ya Muheza, milima ya Usambara Mashariki, ipo Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 na Waingereza wakakiendeleza. Hapo Amani ndipo ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoozesha mihogo ulipoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1936. Na ni hapo hapo, kuanzia miaka ya 1930, watafiti waliuchanganya muhogo wa kawaida na huu mti wa mpira ili kupata mihogo inayostahimili ugonjwa wa batobato. Mihogo mingi bora iliyofuata Afrika ina damu ya mti huu. Ninapokwenda kuchuma majani yake asubuhi huwa nafikiri jinsi mti ulioletwa kwa biashara ya watu wengine ulivyokuja kuokoa chakula chetu, huku bado unatupa mboga ya jioni.

Kisamvu hakitaki haraka. Majani ya muhogo na ya mpira yana sumu ya sianidi yakiwa mabichi, na kutwanga ndiko kunakoifungua, kisha kuchemsha kunaipeperusha. Kwa hiyo tunatwanga kinuni mpaka majani yawe laini kabisa, tunachemsha bila kufunika, muda mrefu, ndipo tunaweka kitunguu, kunde zilizochemshwa na tui. Kwa sababu kinachukua muda, siku ya kisamvu ni siku ya kuinjika alfajiri. Kinapikika polepole wakati sisi tuko kwenye matuta, na kinaliwa kimepoa. Kisamvu kilichopoa kwa wali ni chakula cha kaskazi hasa. Vyakula vingi vya majira haya ni vitamu zaidi vikiwa vuguvugu au baridi, na sidhani kama ni bahati. Watu wanaokula mchana wa joto walijifunza kupika vitu visivyodai kuliwa vikitoa moshi.

Maembe ndiyo sherehe yenyewe. Novemba yanakuwa mabichi na makali, Desemba na Januari ni mavuno makubwa, Februari yanasinyaa. Kuna dodo, kubwa, la kukata vipande. Kuna bolibo, la kula umeinama ili usichafue nguo. Kuna sindano, dogo, lenye nyuzi, ambalo watoto hulibonyeza mpaka lilainike, wakalitoboa na kulinyonya. Shule zikifungwa Desemba, ua wetu hujaa watoto wa ndugu, na hakuna anayedai chai ya saa nne. Wanakula embe, wanaosha mikono bombani, wanarudi kucheza.

Mimi zaidi nalipenda embe bichi. Mchuzi wa samaki wa nyumba hii hautiwi ukwaju wala ndimu kipindi hicho. Tunamnunua samaki asubuhi soko la Deep Sea, changu au tasi, kwa kuwa bahari ya kaskazi ni tulivu kuliko ya kusi na wavuvi hurudi na kitu. Samaki anapakwa chumvi na bizari, anakaangwa kidogo, asiive. Kwenye chungu unakaanga kitunguu, nyanya moja tu au mbili, vitunguu saumu na bizari, unatia tui jepesi. Hapo ndipo embe bichi lililomenywa na kukatwa vipande vya unene wa kidole linapoingia, pamoja na pilipili mbuzi nzima nzima isiyopasuliwa. Embe likianza kulegea pembeni lakini katikati bado linashika, mweke samaki, umalizie kwa tui zito, moto mdogo, usikoroge kwa mwiko bali utingishe chungu kwa kukishika masikio. Pilipili ile inatoa harufu bila kuwasha. Akipatikana wa kuipasua kwenye sahani yake, ni hiari yake. Tunakula na bada, yaani ugali wa unga wa makopa ya muhogo, au wali wa nazi.

Kachumbari ya embe bichi ni ya dakika chache: embe lililokunwa, kitunguu kilichosuguliwa kwa chumvi, pilipili, basi. Inakwenda na samaki wa kuchoma, na muhogo wa kuchemsha, na hata wali mtupu siku ambayo hakuna hamu ya kupika.

Achari ni kazi ya jua. Tunakata embe bichi pamoja na ganda, tunatia chumvi nyingi, tunaacha usiku mmoja litoe maji, kisha tunalianika kwenye ungo siku mbili za jua kali, juu tumefunika kipande cha chandarua ili nzi wasitue. Likishakunjamana tunachanganya na pilipili iliyosagwa, vitunguu saumu, bizari na siki iliyochemshwa na kupozwa, tunajaza kwenye chupa za vioo zilizokaushwa juani. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu siku zote, tone moja la maji huharibu chupa nzima. Juani hapo hapo tunaanika pia mihogo ya makopa, na mama mkwe huwa anasema jua la Februari likipotea bure ni hasara ya mwaka.

Kaka yangu hutuma tenga la plamu kwa basi kutoka Lushoto ifikapo Januari, na basi hilo hilo likigeuza hurudi na ndoo ya maembe na chupa mbili za achari kwa mama. Huko juu maembe mazuri ni shida, huku chini plamu ni za anasa. Watoto wetu wameanza kulihesabu tenga hilo kuwa sehemu ya kaskazi, ingawa matunda yake yametoka kwenye baridi.

Miaka hii Ramadhani nayo imetukuta kwenye joto. Mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, mwaka 2026 ikaingia Februari ilipopita katikati, na kwa kuwa kila mwaka inarudi nyuma siku 11 hivi, itazidi kuingia ndani ya kaskazi. Kufunga katika joto la namna hiyo ni ibada yenye uzito wake, na hapo ndipo nilipoona faida ya ua kuliko wakati mwingine wowote. Kazi zote za matuta tunazimaliza baada ya alfajiri, mwili ukiwa bado na maji ya daku. Mchana tunatulia kivulini. Jioni watoto wadogo wasiofunga ndio wanaomwagilia, na wanaifanya kwa fahari. Futari inatoka hatua chache tu kutoka jikoni: muhogo wa nazi, boga la nazi, kunde. Maboga tuliyoyapanda kwenye vuli hutambaa juu ya banda la makuti, yanakomaa Januari, na ukiyakata na kikonyo chake ukayaweka mahali pakavu penye kivuli yanakaa miezi. Adhana ikilia tunaanza na tende na maji, halafu tikitimaji lililokatwa na kuachwa kwenye beseni la maji ya mtungi. Mtungi bado tunao. Maji yake yana ubaridi usioumiza meno, na ukiyanywa baada ya siku nzima ya kiu unajua kwa nini bibi zetu hawakuuacha. Juisi yetu ni ya ukwaju uliohifadhiwa tangu kipupwe, haina rangi ya dukani, sukari kidogo tu.

Usiku wa kaskazi, baada ya tarawehe, ua hujaa tena. Majirani huja na mikeka yao. Kwenye mabua ya bamia na mrehani kuna harufu inayotoka tu baada ya kumwagiliwa, na wenye watoto wachanga huwalaza hapo nje mpaka vyumba vipoe. Mazungumzo mengi ya maana katika ukoo huu, posa, madeni, nani anaumwa na nani asaidiwe, nimeyasikia yakizungumzwa uani miezi hiyo. Ndani ya nyumba kila mtu angekuwa na chumba chake na simu yake.

Machi ikielekea mwisho, upepo hulegea, mawingu hujikusanya na hewa hujaa unyevu. Ni wakati wa mbegu. Mama mkwe alinizoesha kuchagua shina moja la bamia lililozaa vizuri kuliko yote na kulifunga kitambaa mapema, ili mtu yeyote asichume tunda lake. Linakauka likiwa bado mtini, na likipasuka mbavu ndipo linakatwa. Kunde za mbegu zinakaushwa, zinachanganywa na majivu yaliyochujwa na kufungwa kwenye chupa, wasije wakaingia wadudu. Mchicha uliotoa maua tunaukata, tunaukung'uta juu ya kanga. Kisha tunakata pingili za muhogo, urefu wa shubiri moja na zaidi, tunaziegemeza kivulini zisubiri mvua ya kwanza, na zile za mpira tunaziweka kando kwa sababu kila mwaka kuna wanaoziulizia. Mwaka huu wapo wawili, jirani yetu wa bara na wifi yangu wa Pongwe, na nimeshazifunga mafungu kwa kamba ya katani.